Kaburi la Mwana wa Radi

Mwongozaji mpya wa filamu alifika nyumbani kwangu Kiruruma siku ya Jumamosi, akavua kofia mlangoni na kuniamkia kabla hajakaribishwa. Nilimwekea hilo upande wa mema. Aliitwa Fidele, mwenyeji wa Bukoba mjini. Nyuma yake alisimama kijana mmoja mrefu, mwenye mabega mapana, jina lake Gosbert, ambaye hakuthubutu kunitazama machoni.

Mjukuu wangu Jovin alikuwa amenyoa ndevu tangu alfajiri. Alivaa shati lake la Krismasi, na kiti chake cha magurudumu aliniomba nikiweke katikati ya sebule, si pembeni. Alikuwa ameingoja siku hiyo kwa miaka mitatu.

Kabla ya miaka hiyo mitatu, hapakuwa na banda la video kuanzia Kihanga hadi Nyabiyonza ambalo halikumjua. Yeye ndiye aliyekuwa Mwana wa Radi, mkulima aliyepigwa na radi akiwa shambani, akaamka na nguvu za kuruka juu ya migomba na kuwakamata watu wanaovusha kahawa ya wenzao mpakani kwa magendo. Mabegani alivaa rubugo, nguo ya gome la mti iliyokuwa ya marehemu mume wangu. Filamu zilitoka sehemu nne. Katika sehemu ya nne Jovin aliruka kutoka paa la kinu cha kukoboa kahawa, kamba ikakatika, na uti wa mgongo ukavunjika. Mwongozaji wa kwanza alihamia Mwanza, na baadaye kazi yote akamwachia Fidele.

Niliwapa wageni kahawa ya kutafuna. Fidele alichukua punje mbili, akazitia mdomoni, akaniambia, kwa cheo changu cha ualimu, "Tunaanza upya, Mwalimu. Waigizaji wapya, kila kitu kipya. Gosbert ndiye Mwana wa Radi."

"Ni vema," alisema Jovin. Sauti yake ilikuwa tayari imejiandaa. "Nami nimefikiri, waitu, ndugu yetu. Naweza kuwa yule wa zamani aliyeumia, ambaye sasa anamfundisha huyu kijana. Hata maneno nimeyatunga."

Fidele alinitazama mimi badala ya kumtazama yeye. "Kaka Jovin, hakuna wa zamani. Radi inampiga Gosbert kwa mara ya kwanza. Zile sehemu nne hazikutokea."

"Hazikutokea?"

"Katika hadithi."

"Na mgongo wangu ulivunjikia wapi? Katika hadithi?"

Gosbert aliinamisha kichwa. Fidele alitafuna kahawa yake taratibu, kisha akasema kilichomleta: walitaka rubugo. Walikwishajaribu kutengeneza nyingine kwa kitambaa, lakini kwenye picha ilionekana kama gunia.

Nilimjibu kwamba haiwezekani. Kwetu vazi la mwanamume halimfuati mwingine hadi mwenyewe afe, azikwe, na mrithi akalishwe kwenye kigoda chake mbele ya watu. "Na huyu," nilisema, "bado anakula ugali wangu."

"Basi niueni," alisema Jovin.

Nilimwambia afunge mdomo. Hakuufunga.

"Bibi, nisikilize. Mwana wa Radi wa kwanza afe. Filamu ianze kwa mazishi yake, hapa hapa kwenye migomba ya kibanja chetu, kisha Gosbert akae kwenye kigoda na kuvishwa. Mtu aliyekufa alikuwepo. Aliyefutwa hakuwepo kamwe. Mimi naona afadhali nife."

Macho ya Fidele yaliwaka. "Hilo ni tukio zuri sana," alisema. "Filamu itaanza nalo. Naahidi."

Nilimtaka arudie ahadi hiyo akiwa amesimama. Alisimama, akairudia.

Ningekataa, hadithi hii isingekuwapo. Lakini nilikuwa nimemwona Jovin miaka mitatu akiitazama dari, na siku ile alikuwa akimtazama mtu. Nikakubali, nikatoa sharti moja. Kaburi likichimbwa haliachwi tupu. Mahali pa maiti utawekwa mgomba, ufukiwe mpaka mwisho, na tuta libaki. Fidele alisema hata migomba kumi, kama ningependa.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu mtu hachimbiwi kaburi na vibarua. Huchimbiwa na majirani. Kwa hiyo nilipeleka taarifa kwenye chama chetu cha kuzikana, nikaeleza wazi kwamba ni mazishi ya filamu. Taarifa ilitoka kwangu ikiwa nzima, ikafika ng'ambo ya bonde ikiwa nusu. Fidele alikuwa ameomba watu kumi na wawili. Walikuja zaidi ya mia. Majembe yalilazwa chini katika vibanja vyote vya jirani, maana hakuna anayelima mpaka mfu azikwe. Wanaume walileta mikungu ya ndizi, wanawake wakajifunga vitenge viunoni. Hata waliojua ukweli walifanya hivyo hivyo, kwa sababu mbele ya kaburi lililo wazi mikono haijui kufanya vinginevyo.

Laurensia, binamu ya marehemu mwanangu, alikuja kwa miguu kutoka Nyabiyonza. Tulisikia kilio chake kabla hatujamwona. Alijitupa uani, akagaagaa, akainua uso, na mbele yake akamwona Jovin katika kiti chake, akinywa togwa.

"Shikamoo, Shangazi."

Laurensia alinyamaza ghafla. Akasimama, akafungua kitenge kiunoni, na kumchapa nacho begani mara tatu. "Mpumbavu wewe! Nimelia kuanzia mtoni!"

"Ulilia vizuri?"

"Nimemaliza machozi yako yote. Siku ukifa kweli, usinitegemee. Nitakuja kula tu."

Watu walicheka, na Jovin alicheka kuliko wote. Sijamsikia tena akicheka namna ile.

Mgomba ulipoletwa, kicheko kilikwisha. Ulikuwa umekatwa kwa kimo cha Jovin, ukavingirishwa shuka jeupe. Wanaume wanne waliushusha kwa kamba, na mmoja akasema, kwa mazoea tu, "Polepole, kichwa hicho." Katekista sikumwita, jina la Mungu silikopeshi kwa kamera. Hata hivyo mtu alianza wimbo, wengine wakauitikia, na udongo ukaanza kumwagwa. Jovin aliyatazama mazishi yake akiwa nyuma ya mpiga picha, mikono imeshika magurudumu.

Kisha Gosbert alikalishwa kwenye kigoda cha mume wangu. Jovin alijisukuma mwenyewe hadi pale, akamvisha rubugo mabegani, akalikaza fundo. Kijana alikuwa ametazama chini. "Usiinamishe kichwa," Jovin alimwambia. "Anayerithi hutazama mbele."

Jua lilipozama, Fidele alinishika mikono yote miwili na kusema hajawahi kupiga picha kama zile.

Filamu ilioneshwa Kihanga miezi saba baadaye, alasiri, katika banda lililojaa hadi watu wakakaa chini. Nilikodi gari la kutupeleka. Jovin aliwekwa mbele kabisa, na wengi walimpa mkono. Taa zilizimwa. Radi ilipiga. Gosbert alianguka katikati ya mibuni, akaamka, akaitazama mikono yake. Katika sanduku la zamani ghalani aliikuta rubugo, ambayo haikusemwa ilikuwa ya nani, akaikung'uta vumbi, akajivika mwenyewe.

Nilingoja. Nilijiambia kwamba huenda mazishi yamesogezwa mbele. Jovin naye alingoja. Nilimwona akinyoosha shingo kila picha ilipobadilika. Filamu ikaisha. Watu wakapiga makofi na kugonga miguu sakafuni, na yeye akapiga makofi pia, kwa adabu, kama mgeni.

Nilimkuta Fidele mlangoni.

"Mwalimu, tukio lile lilikuwa zuri," alisema kabla sijafungua kinywa. "Lakini tulipowaonesha watu wachache kwanza, wote waliuliza, aliyekufa ni nani? Liliwachanganya. Watazamaji wapya hawamjui."

"Uliahidi ukiwa umesimama."

"Niliahidi nikiwa sijaiona filamu nzima."

Njiani kurudi, tulipoanza kuona migomba yetu, Jovin alinigeukia. "Nilisema afadhali nife kuliko nisiwepo," alisema. "Sasa nimepewa vyote viwili."

Tangu siku ile aliniomba nigeuze kiti chake, dirisha likae nyuma yake. Dirisha hilo hutazama kibanja, na kaburi liko hatua ishirini kutoka hapo, kando ya kaburi la mume wangu. Wapita njia wasiojua husimama na kufanya ishara ya msalaba. Wanaojua huliita kwa jina la Jovin.

Gosbert alirudi mwezi Januari, peke yake, akiwa na kilo mbili za sukari katika mfuko. Alikaa ukingoni mwa kochi.

"Kaka, tunaanza sehemu ya pili," alisema. "Kuna tukio la kuruka kutoka juu ya kinu. Paa lile lile. Mwongozaji anasema kamba ni mpya, haina tatizo. Nimekuja kukuuliza, ile yako ilikatikaje?"

"Kamba ipi?"

"Ile ya sehemu ya nne."

"Sehemu ya nne haikutokea. Muulize mwongozaji wako."

"Kaka Jovin, sikuikata ile picha mimi. Niliposikia imekatwa nililia."

"Pole."

"Naogopa."

"Huna sababu. Hakuna aliyewahi kuanguka pale." Jovin alimtazama usoni kwa upole, na upole ule ulinitia baridi. "Mimi paa lile sijapata kulipanda. Radi ilikupiga wewe, wa kwanza. Bibi, mgeni hajapewa chai."

Gosbert hakuitaka chai. Aliaga, akatoka.

Kamba ile haikuwa mbovu. Jovin aliniambia hospitalini, siku ya tatu, na hajamwambia mwingine. Ukingo wa bati ndio ulioikata. Wenzake walitaka kutandika gunia ukingoni, naye akawakataza, kwa sababu gunia lingeonekana kwenye picha. Kosa lilikuwa lake, na siri ilikuwa yake.

Niliokota kikapu kana kwamba nakwenda kukata majani, nikamfikia Gosbert kibanjani, karibu na tuta lile.

"Kamba mpya nayo itakatika," nilimwambia. "Bati ni kisu. Wakunje gunia mara mbili, walifunge ukingoni mwa paa, na kama halijafungwa, usiruke. Wakikwambia litaonekana, waambie lionekane."

Aliyarudia maneno yangu kama mwanafunzi. Kisha akauliza, "Ni yeye aliyekutuma?"

Nimefundisha miaka thelathini na minne, na watoto niliowachapa kwa uongo siwezi kuwahesabu.

"Ndiyo," nilisema. "Ni yeye."

Niliporudi ndani, Jovin alikuwa pale pale, mgongo kwa dirisha.

"Umemwambia."

"Nimemwambia. Na nimesema ni wewe uliyenituma."

"Nilikuwa nimebaki na kitu kimoja tu, Bibi. Anguko lile."

"Kijana angekufa."

"Mimi je?"

Niliinjika ndizi, zikaiva, nikampelekea. Hakuzigusa. Siku iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo, na ya tatu alikunywa maji tu. Laurensia alikuja, akamtania, akamtukana, akaondoka akifuta macho ambayo alidai yamekwisha machozi.

Siku ya nne asubuhi nilikwenda kibanjani kupalilia. Tuta lilikuwa limetitia. Mgomba huoza upesi kuliko mtu, na udongo ulikuwa umeingia mahali ulipokuwa, ukaacha shimo la kina cha kiganja, refu kama kimo cha mjukuu wangu. Haifai kaburi kukaa hivyo. Nilichota udongo kwa jembe, nikafukia, nikashindilia kwa mguu.

Nilipoinua kichwa kupumzika, nilimwona. Alikuwa amekigeuza kiti mwenyewe, sijui kwa nguvu gani, na uso wake ulikuwa dirishani, umekonda, ukinitazama. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alinisemesha.

"Ongeza udongo upande wa miguu," alisema.