Jua la Barabara ya Kisiwani

Mbio zilipangwa kuanza alfajiri, lakini mgeni rasmi alichelewa. Wakimbiaji walipoachiwa kutoka kijiji cha Maore, jua lilikuwa limeshapanda na hakuna wingu hata moja.

Sadock alikuwa amejaribu kumzuia mkewe, Eliakunda, asikimbie. Sadock mwenyewe alikuwa muuguzi kwenye zahanati moja ya milimani, Gonja, na miezi yote ya mazoezi alikuwa akimpima Eliakunda joto la mwili. Akikimbia kwenye kivuli cha msitu, joto lake lilipanda kidogo likatulia. Akikimbia mahali peupe, hata siku ambayo hewa yenyewe haikuwa ya moto zaidi, lilipanda bila kutulia. Mwanga wa jua ulikuwa unamwongezea joto juu ya lile ambalo miguu yake ilikuwa inalitengeneza. Mwandaaji wa mbio alipoambiwa hayo alijibu kwamba joto la siku hiyo lilikuwa sawa na la jana yake. Jana yake kulikuwa na mawingu.

Eliakunda alimsikiliza mumewe huku akifunga kamba za viatu. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mama wa mtoto mmoja, Blessing, na mshindi wa mbio hizi angepelekwa kambi ya riadha ya mkoa. Alisema hatapata nafasi nyingine.

Basi Sadock akapanda bodaboda ya kijana aitwaye Kassimu, wakamfuata kwa nyuma, ndoo ya maji katikati yao. Sheria ilikuwa wazi: mkimbiaji akiguswa na mtu wake, ametolewa.

Mwanzoni alikimbia vizuri. Alimpita Sabrina, binti wa kijiji cha Kisiwani aliyezoea jua la tambarare, akaongoza peke yake katikati ya mashamba ya mpunga. Kisha Sadock akaona mgongo wake umekauka. Fulana iliyokuwa imelowa jasho sasa ilikuwa na chumvi nyeupe. Mikono ilikuwa na vipele, kama mtu anayesikia baridi.

Alimwambia Kassimu asogee karibu.

"Mama Blessing, simama."

Hakugeuka. Akamwita tena, naye akamjibu kwa Kipare, maneno mazito ambayo hakuwahi kumwambia tangu waoane. Huenda ilikuwa hasira tu. Mtu anayeongoza mbio akizuiwa na mumewe ana haki ya kukasirika. Sadock akaitazama miguu yake. Mguu wa kushoto ulianza kukwaruza vumbi. Eliakunda akaiacha barabara kidogo, akarudi, akaiacha tena.

Sadock akaruka kutoka kwenye bodaboda, akamkumbatia kiunoni. Ngozi ilikuwa ya moto. Eliakunda alipigana naye, akamkwaruza shingoni, halafu akalegea mikononi mwake. Sabrina akawapita, akageuza shingo mara moja, akaendelea.

Kassimu alitaka wampakie haraka wamkimbize hospitali. Sadock akakataa. Wakifika huko akiwa na moto huu, alisema, watakuwa wamechelewa. Wakamteremsha kwenye mfereji wa kumwagilia mpunga, wakamlaza majini mpaka shingoni, Sadock amemshika kichwa. Kipimajoto kilipita arobaini na moja. Wanawake waliokuwa wakipalilia wakaja, wakasimama upande wa jua na kumwekea kivuli kwa kanga zao, bila kuulizwa.

Kwa muda mrefu hakukuwa na kitu ila maji yakipita. Sadock alilitaja jina la mkewe, akalirudia. Kipimajoto kilishuka taratibu mno, hata akadhani anakisoma vibaya.

Hatimaye Eliakunda akafumbua macho, akauliza Blessing yuko wapi. Hapo ndipo Sadock alipolia.

Alilazwa hospitali ya Same siku mbili. Sabrina alishinda, akaja kumjulia hali, wakaongea kama watu wa nyumba moja. Lakini kwa mumewe Eliakunda alikuwa mkavu, hata walipobaki wawili. Jioni ya pili ndipo alipomwuliza.

"Baba Blessing, ulijuaje kwamba nimefika mwisho?"

"Sikujua."

"Na kama ningekuwa mzima?"

"Ungekuwa umepoteza mbio kwa sababu yangu. Na mimi ningebeba lawama hiyo."

Eliakunda akaitazama shingo ya mumewe na ile mikwaruzo aliyomtia. Kisha akajisogeza ukutani, akamwachia nafasi kitandani aketi.