Siku Alipomfungia Baba Seva

Kila asubuhi, kabla hata ya kushusha mkoba begani, binti mmoja, fundi wa kompyuta hospitalini, alifungua kumbukumbu za seva kubwa, mashine inayotunza taarifa zote za wagonjwa, akatafuta mstari mmoja tu. Mstari huo ulisema kwamba mtu ameingia kutoka nje kwa akaunti kuu, ile yenye mamlaka ya kufanya lolote, tena kwa nenosiri peke yake. Mtu mwingine wa kazi hiyo angeuona angeruka kitini. Yeye alishusha pumzi, maana anwani ilikuwa ya nyumbani kwa baba yake, na maana yake baba ameamka salama na amekaa mezani.

Baba ndiye aliyezisimika mashine zile, enzi hospitali ikihangaika na mafaili ya karatasi. Walimwita Fundi Mkuu, hata wale madaktari wasiosalimiana na mtu. Alipostaafu, binti alirithi kiti, na utani wa ofisini ukawa kwamba huo ni ufalme wa ukoo. Kazi yake ya kwanza ilipaswa kuwa kumwondolea mzee njia ya kuingia. Hakuifanya. Mwanzoni alijiambia mzee atafaa siku mambo yakiharibika. Baadaye mzee akaanza kupoteapotea, mara anamuulizia dada yake waliyekwisha kumzika, mara kaweka miwani ndani ya friji. Mbele ya skrini tu ndipo alipokuwa bado mtu kamili, na binti hakuwa na moyo wa kumtoa hapo. Basi akajitia hamnazo.

Mfumo wa zamani ulikuwa na tabia ya kukwama, kwa hiyo alfajiri, kabla mapokezi hayajafunguliwa, Fundi Mkuu alikuwa akiuzima na kuuwasha upya. Mpya haukuhitaji hayo, lakini mzee aliendelea kivyake na hakuna aliyeumia. Hadi siku moja alipofanya hivyo saa nne asubuhi, akidhani kumepambazuka sasa hivi. Mapokezi yakasimama. Daktari wa watoto akabaki na sindano mkononi, asijue mtoto aliye mbele yake anadhurika na dawa gani.

Mkuu wa idara alimwita binti, akafunga mlango.

"Ni mzee, siyo?"

"Ni yeye."

"Mimi mwenyewe kanifundisha kazi, unajua. Lakini leo tumeponea chupuchupu. Funga. Leo leo."

"Niache nikamwambie kwanza."

"Ukimwambia kwanza, hutafunga."

Alikuwa amesema kweli, na ukweli huo ulimuuma binti kuliko kufokewa. Alirudi mezani akafungua faili la mipangilio. Akakataza akaunti kuu kuingia kutoka nje. Akakataza manenosiri kabisa. Kuanzia hapo angeingia tu mwenye ufunguo, yaani faili la siri lililo kwenye kompyuta ya mtu aliyeidhinishwa. Aliliacha dirisha moja la skrini wazi huku akijaribu kuingia kwa jingine, asije akajifungia nje mwenyewe. Yote hayo alifundishwa na mtu yuleyule aliyekuwa akimfungia.

Asubuhi iliyofuata kumbukumbu zilijaa mistari ya kukataliwa, mmoja juu ya mwingine. Simu ikaita.

"Mama, uko kazini?"

"Niko, baba. Shikamoo."

"Nenosiri limenitoka." Hata marahaba aliisahau. "Nimejaribu kila namna. Limenitoka kabisa."

Mashine haimwambii mtu kwamba amefungiwa. Inasema ruhusa imekataliwa, na maneno ni hayohayo kwa aliyesahau na kwa aliyezuiwa. Binti akamwambia apumzike, atapita jioni, kisha akakata simu akijichukia.

Jioni alimkuta palepale mezani, hajanyoa, chai imeganda utando. "Tazama," baba akasema, akaandika. Binti alifuata vidole vile. Kila herufi ilikuwa mahali pake. Mashine ikakataa.

"Unaona? Hilo ndilo lililokuwa limebaki," mzee akasema. "Mengine najua yanakwenda. Hili nilidhani nitazikwa nalo."

Hapo binti angeweza kunyamaza. Baba angelaumu kichwa chake, na binti angebaki mtoto mwema. Akapiga moyo konde.

"Baba, hujasahau. Umeandika sawasawa kabisa. Ni mimi niliyekufungia."

Mzee aliondoa vidole kwenye kibodi. "Kwa nini?"

"Ulizima mfumo watu wakiwa kazini."

"Mtu alidhurika?"

"Hapana."

Mzee akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. "Ulijaribu kwa dirisha la pili kabla ya kutoka?"

"Nilijaribu."

"Vizuri." Halafu akaanza kulia, taratibu, bila kuficha uso. "Kumbe sikusahau."

"Hukusahau, baba."

Binti alirudi kwake akiwa amechoka lakini mwepesi, akidhani jambo limekwisha. Asubuhi simu ikaita. "Mama, nenosiri limenitoka."

Alitoka ofisini hadi kwenye ngazi, wenzake wasisikie, akamweleza yote upya. Baba akauliza kama mtu alidhurika, kwa hofu ileile. Keshoye hivyo, na keshokutwa. Mkuu wa idara alimshauri amwambie tu kwamba seva imekufa, yaishe. Binti alikataa. Ni kweli kila siku alimuumiza baba yake upya, lakini kila siku, mwishoni, alimsikia akisema kumbe hakusahau, na kwa hilo alikuwa tayari kuwa mtoto mbaya kila kukicha.

Kisha ikafika asubuhi ambayo kumbukumbu hazikuwa na mstari hata mmoja wa baba, na simu ilikuwa kimya. Akapiga mwenyewe. Baba akapokea, mzima, sauti imetulia.

"Baba, leo hujajaribu kuingia?"

"Kuingia wapi?" baba akauliza.