Difu ya Gari la Urithi

Mlio wenyewe haukuwa mkubwa. Ulikuwa "ka!" moja kavu, kama mtu aliyevunja mfupa wa kuku kwa meno, kisha gari likaacha kupanda mlima. Injini ilinguruma, tope likaruka, gurudumu la nyuma la kushoto likazunguka bure na la kulia likatulia tuli utadhani safari haikulihusu. Fundi, aliyekuwa amebanwa katikati ya kaka yake na mdogo wake, akafumba macho. Hakuwa na haja ya kushuka kuchungulia. Loki ya difu, ile inayoyalazimisha magurudumu ya nyuma kuvuta pamoja kwenye tope, ilikuwa imekufa.

"Mwambie mwenye kulia," akasema kaka yake, akitazama nje ya dirisha la kushoto, "gurudumu lake limegoma."

"Mwambie mwenye kushoto," akajibu mdogo wake aliyeshika usukani, "lake ndilo linalocheza badala ya kufanya kazi."

"Mmesikiana," akasema Fundi.

"Sijasikia kitu," wakasema wote wawili, kila mmoja akimwambia yeye.

Hapa inabidi mambo yaelezwe tangu mwanzo, maana anayesikia habari hii juu juu atadhani imetiwa chumvi. Baba wa watoto hawa watatu alikufa akiwa na mali moja tu ya kutajika: gari la milimani, bodi ya chuma, umri wake sawa na wa Fundi. Alikuwa mtu wa haki kupita kiasi. Katika wosia aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba upande wa kushoto wa gari ni wa mtoto wa kwanza, upande wa kulia ni wa kitinda mimba, na katikati ni kwa binti yake, yaani Fundi. Bila shaka aliwaza kwamba watu wenye gari moja watasafiri pamoja na kupendana. Marehemu asemwe kwa mema, lakini hapo mzee alichemsha.

Mtoto wa kwanza ni mshonaji wa nguo za kiume, na kitinda mimba ni kinyozi. Walikuwa chanda na pete mpaka siku Kinyozi aliponyoosha mkono akafungua dirisha la kushoto bila kuomba ruhusa, eti apate hewa. Neno likazaa neno. Mshonaji akapaka nusu yake rangi ya kijani. Kinyozi akaiacha nusu yake nyeupe, ila akawa anaiosha kila asubuhi hadi kwenye mpaka, na akiona sabuni inavuka anaifuta kwa kidole. Tangu hapo, mwaka na miezi minne, hawakuwa wamesemezana hata "pole". Kila neno lilipita kwa dada yao, hata wakiwa wamekaa magoti yao yanagusana.

Usukani ulikuwa kulia, kwa hiyo Kinyozi ndiye dereva. Lakini kioo cha pembeni cha kushoto hakikuwa chake, hivyo Mshonaji alikitazama na kutoa taarifa kwa Fundi, naye akaifikisha kwa dereva, mara nyingi baada ya pikipiki kupita. Gia, breki ya mkono na kijiti cha kufungia loki vilikuwa katikati. Kinyozi anakanyaga klachi, Fundi anaingiza gia. Walishakwenda hivyo sokoni, msibani na mara moja harusini, na wakawafanya wapiga picha wamsahau bibi harusi.

Aliyechoka kwanza ni Mama. Siku moja alitaka kupelekwa kupimwa macho, na wanawe wakaanza kubishana, kupitia kwa dada yao, akae upande gani. Mama akashuka, akafunga kibegi chake, akadandia trekta lililobeba vitunguu mpaka juu mlimani kwa dada yake. Kabla ya kuondoka alisema jambo moja: hatarudi mpaka waje kumchukua wote wawili, kwa gari la baba yao. Hii ilikuwa wiki ya saba, na safari iliyoivunja loki ndiyo ilikuwa ya kwenda kumchukua. Mvua zilishaanza, barabara ya mlima imekuwa uji, na bila loki hakuna gari lililofika kule.

Fundi alikuwa akimkosa mama yake vibaya sana. Kila asubuhi alitoa vikombe viwili, akakumbuka, akarudisha kimoja kabatini. Nyumba bila sauti ya Mama ilikuwa baridi hata jua likiwaka. Kwa hiyo gari lilipovutwa na kamba kurudi chini, yeye hakulala wala hakula, aliingia kazini moja kwa moja.

Gereji yake ni banda la mabati lililoegemea ukuta wa jikoni, spana zimetundikwa kwa ukubwa, ya kumi inakosekana kama ilivyo kwa gereji zote duniani. Akaliinua gari kwa jeki, akaliketisha juu ya stendi mbili, akafungua nati ya chini ya difu. Oili ikatoka nyeusi, inametameta unga wa chuma. Akaguna. Sasa ili difu itoke, lazima kwanza shafti za magurudumu zichomolewe, moja kila upande, na hapo ndipo kazi ya saa mbili ilipogeuka kuwa ya siku mbili.

"Mwambie huyo mwenzangu asiguse shafti yangu," akasema Mshonaji. "Nitaitoa mwenyewe."

Akaitoa. Hakuwahi kushika spana maishani, lakini aliitoa, akaipima kwa futi yake ya kushonea kana kwamba kuna mtu angeikata pindo usiku. Kesho yake Kinyozi akaja kutoa ya kwake. Akaivuta polepole, akaivisha taulo jeupe shingoni, akaipangusa oili kwa pamba yenye spiriti. Fundi alikuwa amelala chini ya gari, akiwatazama miguu tu, na alitamani jeki iteleze kidogo, isiue mtu.

Hatimaye difu ikatoka. Aliikumbatia kifuani, nzito kama jiwe la kusagia, akaitua mezani na kuifungua. Pete ya loki, ile inayoyafunga magurudumu mawili yaende kama moja, ilikuwa imeng'oka meno matano na mengine yamepinda. Akakaa juu ya ndoo, mikono yake myeusi mapajani, aibu ikampanda mpaka masikioni.

Kwa sababu alijua. Difu kazi yake ni kugawa nguvu ya injini kushoto na kulia, na gari likikata kona inaliacha gurudumu la nje litembee zaidi na la ndani litembee kidogo. Loki ni ya tope peke yake. Ukiifunga kwenye barabara kavu, magurudumu yanalazimishwa yaende sawa hata kwenye kona, na chuma kinavutana na chuma mpaka kimoja kikubali kufa. Lakini mwezi wa kwanza tu wa urithi, Mshonaji alilalamika kwamba kona za kulia zinalitembeza gurudumu lake kuliko la mwenzake. Kinyozi naye akaja na kona za kushoto. Wote wakadai haki sawa, loki ifungwe saa zote. Na Fundi, mwenye miaka tisa kwenye kazi hii, alivuta kijiti ili apate amani.

Halafu yakaja matairi. Mshonaji akanunua mawili mapya, marefu ya kujionyesha, akayafunga upande wake mbele na nyuma. Kinyozi akabaki na yake ya zamani yaliyolika. Gari likainamia kulia kama mzee mwenye kiuno kibovu. Fundi aliliona hilo pia. Aliweka mto chini ya paja la kulia akakaa sawa, akanyamaza.

Akawaita wote wawili, akawaonyesha pete.

"Hii Baba aliitumia miaka ishirini na sita," akasema. "Sisi tumeimaliza kwa mwaka mmoja na ushee. Nimepata nyingine kwenye gari lililopinduka, nzima kabisa. Lakini nikiifunga na matairi haya, itavunjika kabla hatujamwona Mama."

Akachukua futi ya Mshonaji, akaizungushia tairi la kushoto, akaizungushia la kulia. Yalipishana kwa mapana ya viganja viwili.

"Mwambie anunue marefu," akasema Mshonaji.

"Mwambie ashuke kwenye ngazi," akasema Kinyozi.

"Na Mama?"

Wakatazama chini, lakini hakuna aliyelegea. Wote walimtaka Mama, hilo Fundi hakulitilia shaka. Kinyozi alikuwa akinyoa watu huku anawaulizia kama kuna aliyetoka mlimani, na Mshonaji alishamshonea gauni mbili. Ila kani wameirithi pia, na ile haikuandikwa kwenye wosia imegawanywaje.

Walipokwenda kazini, Fundi akapiga moyo konde. Akaifunga pete nyingine ndani ya difu, akapaka meno ya difu rangi, akaizungusha aone alama zimekaa katikati ya jino, zikakaa. Gaskiti, boliti kumi, propela, oili safi mpaka ikachungulia tunduni. Shafti ya kijani akairudisha kushoto, ya taulo akairudisha kulia. Kisha akafanya jambo ambalo mtoto wa chekechea angelifikiria tangu mwanzo: matairi mawili marefu akayafunga nyuma yote, mawili mafupi akayafunga mbele yote. Nyuma sasa palikuwa sawa kwa sawa, na mbele, ambako nguvu ya injini ilishakatika kabla hata Baba hajakata roho, hapakuwa na difu ya kuvunja.

Jioni Mshonaji akaingia gereji, akapiga ukunga. "Tairi langu limelala kwa watu!"

"Na langu limehamishwa!" akalia Kinyozi.

Walizunguka gari mara tatu, mmoja akienda huku na mwingine kule, wakipishana bila salamu. Mshonaji akapima, akaandika, akapima tena. Mwishowe akatangaza, kwa Fundi, kwamba kwa kuwa matairi yake yote yako nyuma, basi yeye sasa ni mwenye nyuma. Kinyozi akapokea habari hiyo, akafikiri, akachukua chaki na kuchora mstari mpya kukata mlango hadi mlango. Fundi akawaacha. Akili zikienda likizo hazifuatwi kituoni.

Asubuhi wakaondoka, Mshonaji amejipakia kiti cha nyuma kama waziri, Kinyozi mbele, Fundi katikati na gia yake. Barabara kavu loki ikawa wazi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu gari likakata kona bila kulalama. Walipofika kwenye uji wa mlima, Fundi akavuta kijiti. Likasikika "tik" dogo chini yao. Magurudumu ya nyuma yakashikana, yakauma tope kwa pamoja, na gari likapanda taratibu, halisiti, mpaka wakaona moshi wa jikoni kwa Mama Mkubwa.

Mama alikuwa barazani na dada yake, kibegi kimefungwa tayari, kiko miguuni pake. Mama Mkubwa baadaye alimwambia Fundi kwamba kilifungwa hivyo kila asubuhi kwa wiki saba. Mama akasimama, akavaa miwani ya kuazima, akawatazama.

"Mmekuja wote?"

Mshonaji akashuka nyuma, Kinyozi akashuka mbele. Machozi yalikuwa yanawalenga, wakubwa wazima. Mshonaji akafungua mdomo, akamgeukia Fundi.

"Mwambie Mama tumekuja."

Kuku walisikika wakichakura. Mama hakumtazama Mshonaji, alimtazama Fundi, na Fundi akaona uso wa mama yake ukianza kufungika tena.

"Simwambii mtu," akasema. "Hiyo pete iliyovunjika, mkono uliovuta kijiti ni wangu. Nilijua itavunjika, nikavuta, kwa sababu nilitaka mnyamaze. Mimi katikati nimechoka. Nawapa. Gia, breki, loki, vyote, ni vyenu wawili kwa pamoja, na asiguse mmoja bila mwenzake. Mama yenu huyo. Mpelekeni."

Akakaa barazani, kwenye kiti kile kile cha Mama, akakunja mikono.

"Na wewe, mwanangu?" akauliza Mama.

"Nitakuja kesho, Mama. Nitashuka kwa miguu."

Alitaka kuondoka naye kuliko kitu chochote. Mama akamshika shavu kwa kiganja, akalipapasa. Kisha akapanda kiti cha nyuma, akakilalia chote kizima, kichwa kushoto, miguu kulia juu ya kibegi, na Mshonaji akakosa pa kukaa ila mbele kando ya mdogo wake.

Milango ikafungwa. Injini ikawaka. Kutoka barazani Fundi aliona mikono miwili imeshika kichwa cha gia, hakuna unaosogea. Gari likaruka mbele, likazimika. Likawaka, likazimika. Mara ya tatu meno ya gia yakapiga kelele mpaka Mama Mkubwa akatoka jikoni na mwiko.

"Kanyaga klachi, kichwa maji wewe!" ikasikika sauti ya Mshonaji.

"Nimekanyaga! Vuta basi, unangoja nini, unapima suruali?"

"Huvuti, unasukuma!"

"Sukuma basi! Si huko, huku! Kaka, huku!"

Gari likang'oka, likaanza kuteremka, sauti zikipishana ndani yake mpaka kona ya kwanza na baada ya kona. Fundi alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono unaonuka oili, machozi yanamtiririka waziwazi.

"Kulikoni?" akauliza Mama Mkubwa. "Wanagombana?"

"Ndiyo, Mama Mkubwa," akasema Fundi. "Wao kwa wao."