Ua la Kudumu

Barua ya baraza ilifika Nyarugusu mwezi wa tatu, mwaka wa hamsini na mbili, na Donatus, dresa wa zahanati, aliisoma kwa sauti akiwa amesimama mlangoni, maana aliipenda sauti yake na hakuona sababu ya kuwanyima wengine. Bwana Afya wa Mwanza ameagiza, barua ilisema, zahanati ipate ua la kudumu, lipandwe mbele na ubavuni. Kibarua atakayelipanda vizuri kumshinda mwenzake aandikwe kazi ya kudumu. Bwana Afya mwenyewe angekuja kulikagua mwezi wa tisa.

"Ua la kudumu," Donatus alirudia, akiutazama uwanja mtupu. "Serikali sasa inataka tupendeze."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Vibarua walikuwa wawili tu, na kila mmoja alikwisha kujiona ameandikwa.

Mmoja wao alikuwa Melania, Mama Esta. Huyu hakuwa mtu wa kujishusha. Akifua bandeji, akifyeka nyasi, akiteka maji, aliamini hakuna mwingine ambaye angefanya vizuri kama yeye, na mara nyingi ilikuwa kweli, jambo lililowaudhi watu kuliko majivuno yenyewe. Lakini safari hii alikuwa na sababu kubwa kuliko majivuno. Mumewe, Herman, alikuwa amefukiwa na kifusi katika shimo la dhahabu mwaka uliopita, na tangu matanga yaanuliwe, shemeji yake Bujiku alikuwa anakuja kwa baiskeli kutoka Mwakitolyo, mwendo wa siku nzima, kumkumbusha kwamba mjane hurithiwa. Bujiku alikuwa na wake wawili tayari. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Melania, maana mtu mbaya ungemfukuza kwa maneno makali ukalala usingizi.

"Mwangaluka, Mama Esta," alisema siku aliposikia habari za barua, akaketi kwenye benchi la wagonjwa. "Nisikilize mbele ya Bwana Donatus. Kibalua ni mtu wa leo na kesho. Siwezi kumwacha mtoto wa ndugu yangu akitegemea kibalua. Bwana Afya akija nitakuwepo. Akikuandika, naludi na baiskeli yangu, na sitakusumbua tena. Asipokuandika, nakuja na mkokoteni, tubebe vyombo."

"Utaludi na baiskeli, shemeji," Melania alimjibu. "Ipake mafuta mapema."

Kibarua wa pili aliitwa Onesmo, kijana wa Bukoba aliyekuja kutafuta dhahabu akapata malaria, na alipopona akabaki palepale alipotibiwa. Donatus alimpa upande wa kulia wa njia na Melania upande wa kushoto, kila mmoja apande ua alitakalo. Jioni ile ile Onesmo alitoa gunia lenye vipande vya mizizi minene.

"Kana hizi, Mama Esta. Jani kama la mgomba, ua jekundu au la njano, kubwa hivi. Unafukia kipande kimoja, mwakani unachimba kumi. Kwetu kila parokia inazo."

"Kwenu mvua hunyesha hata watu wakiwa wamechoka nayo. Hapa utazinywesha nini?"

"Maji. Mikono ninayo. Wewe utapanda nini?"

"Msubili."

Onesmo alicheka hadi akakalia ndoo yake. Kila mama alikuwa anaujua msubili: jani nene lenye miiba pembeni, na utomvu mchungu unaopakwa kwenye titi mtoto aache kunyonya. "Mmea wa kuliza watoto! Utamlaki nao Bwana Afya?"

"Haji kuulamba, anakuja kuutazama." Melania hakucheka. "Msubili huchanua kiangazi, wakati mengine yote yamekuwa kuni. Wale ndege chozi wanaonyonya maua huufuata kutoka mbali. Ua la kudumu si lile linalodumu kwa kunyweshwa, Onesmo. Kwa kunyweshwa hata gogo lingejitahidi."

Siku tatu alipanda kilimani na tenga, akashuka na misubili mikubwa iliyojaa machipukizi yake kando, mikono imechanika hadi viwikoni. Aliipanda kwa safu mbili, jani kwa jani, kila mmea wa safu ya nyuma ukiziba pengo la safu ya mbele. Ndivyo baba yake alivyokuwa anapanda minyaa kuzunguka zizi, na mkono wake haukufundishwa namna nyingine.

Donatus alisimama akamtazama. "Mama Esta, unapanda maua au unajenga zizi?"

"Napanda ninavyojua, Bwana Donatus."

Kufika mwezi wa sita, upande wa Onesmo ulikuwa sherehe. Kana zilisimama hadi kifuani mwa mtu, nyekundu na njano, na wachimbaji waliokuja kufungwa vidonda walizisalimia kwanza kabla ya kumsalimia dresa. Donatus alihamishia kiti chake upande ule. Upande wa Melania ulikuwa na majani ya kijivu na miiba iliyonasa kanga za akina mama. Kila aliyelalamika aliambiwa neno moja tu, kwa Kiswahili chake cha Kisukuma kisichotaka kusikia habari za r: "Subilini."

"Hata sijui unatwambia tungoje au unatutajia jina la mmea," Onesmo alisema.

"Yote mawili."

Lakini asubuhi moja ya mwezi wa saba, kisima kimeshuka na Onesmo bado anapanda na kushuka na ndoo zake, Melania alisimama njiani akazitazama kana zile, na kwa mara ya kwanza alijisikia kwamba huenda amekosea. Zilikuwa nzuri. Angekuwa yeye Bwana Afya angemwandika Onesmo. Akilini alimwona binti yake Esta akitolewa shule ya misheni na kukalishwa juu ya mkokoteni. Aliogopa kweli kweli kuanzia asubuhi hadi wakati wa kufunga zahanati. Kesho yake akakuta kikonyo cha kwanza kimechomoza katikati ya majani, kikiwa na vifundo vyekundu, akajitukana kwa kupoteza siku nzima.

Mwezi wa tisa ulipoingia, safu zake mbili zilikuwa zimewaka rangi ya kaa la moto. Chozi walining'inia kwenye vikonyo tangu jua kuchomoza. Onesmo hakucheka tena, ila aliongeza ndoo. Watu waligawanyika, wapo waliosema kana, wapo waliosema msubili, na mchimbaji mmoja wa Kigoma alitaka kupigana na mwenzake kwa ajili hiyo.

Siku ya ukaguzi Melania alifika mapema amevaa gauni lake la kanisani. Alisikia kelele kabla hajaona kitu. Ng'ombe wa jirani, mzee Maige, ambao kila siku walikatiza uwanjani kwenda kisimani, walikuwa na njaa ya kiangazi, na mbele yao palikuwa na majani mabichi yaliyonyweshwa miezi sita. Walikuwa wamekula kana zote hadi udongoni. Fahali mmoja alikuwa ameingiza kichwa chumba cha sindano, na Donatus alikuwa anamsihi kwa lugha ya heshima. Onesmo alikuwa anapiga migongo kwa ndoo, analia waziwazi.

Upande wa kushoto ng'ombe watatu walikuwa wamesimama mbele ya msubili. Mmoja alisogeza pua, akachomwa, akarudi nyuma akipuliza. Wote waligeuka wakarudi walikotokea.

Melania alicheka kwa sauti. Kisha akamwona Onesmo amekaa chini na kipande cha jani mkononi, akaona haya. Alikuwa amefurahi, na hakujipenda kwa furaha ile. Alikwenda akakaa chini karibu naye, ingawa gauni lilikuwa la kanisani.

Saa nne lori lilimshusha Bwana Afya, mtu wa Pangani, mwembamba, mwenye kofia ya kazi na Kiswahili kilichonyooka. Bujiku alikuwa amekwisha fika, baiskeli ameiegemeza ukutani. Bwana Afya aliitikia shikamoo, akatazama kinyesi uwanjani hadi mlangoni, na uso ukamwiva.

"Donatus, ua uko wapi?"

"Lilikuwa pale, Bwana. Limeliwa leo asubuhi. Jingine ni lile."

"Limeliwa? Ua umeliwaje?"

"Ng'ombe, Bwana. Maua ni matamu kwao."

"Maua gani? Nani aliagiza maua? Mimi nilikuta ng'ombe katika chumba cha sindano mwezi wa pili, nikaagiza ua. Ua wa kudumu!"

Donatus alikwenda ndani akaja na barua, akamwonyesha kwa kidole. "Ua *la* kudumu, Bwana."

Bwana Afya alisoma mara mbili. Alifunga macho. "Karani wa baraza lenu ni Msukuma?"

"Msukuma, Bwana. Huku kwetu la na wa vinapishana tu."

Bwana Afya alitaka kukasirika, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani, na uwanja mzima ukacheka naye, hata Onesmo. Kisha akaenda upande wa kushoto. Alitazama alama za kwato zilizofika hadi kwenye msubili na kugeuka. Alijaribu kupitisha mguu kati ya safu mbili, akauondoa haraka, akabaki anatazama suruali yake.

"Huu amepanda nani?"

"Mimi," alisema Melania. "Unauliza huu au hili, Bwana? Vyote viwili nimepanda mimi."

Bwana Afya alitoa kitabu chake na kalamu. "Jina kamili, mama."

Alilitaja jina lake, la baba yake, na la kijiji chake, polepole, kwa sauti iliyofika ukutani penye baiskeli. Kalamu iliandika yote. Alipoulizwa atahitaji nini kumalizia upande wa pili, alisema anahitaji tenga jipya na Onesmo wa kuchimba, na kwamba mizizi ya kana bado iko hai udongoni, ihamishiwe ndani, karibu na maji ya kufulia bandeji.

Bujiku alikuwa mtu wa neno lake. Alivaa kofia, akaja kuaga, lakini alikuja moja kwa moja, na miiba ikaishika kanzu yake. Alisimama ng'ambo ya misubili, anajinasua, chozi wanampita kichwani.

"Shemeji, mtu anapita wapi hapa?"

"Upande wa Onesmo bado uko wazi," Melania alisema, akimwonyesha kwa heshima zote. "Pita leo. Kesho naupanda."