Ubao Mpana wa Chini

Kitambaa cha Damari kiligusa ukuta mtupu.

Mkono wake ulikuwa umezoea. Kila asubuhi kabla ya chai ulifanya mambo matatu, karibu bila kumsubiri mwenyewe. Ulifungua kabati la vifaa ili macho yahesabu taa za kijani. Ulichukua brashi ya rangi na kufagia wadudu waliokufa juu ya swichi za mtandao. Kisha ulipanda ukutani kufuta kioo cha cheti chake. Siku hiyo taa zilikuwa kumi na sita kama jana, na wadudu walikuwa wachache. Lakini ukutani kitambaa hakikukuta kioo. Kilikuta chokaa, na msumari, na pembenne nyeupe ambayo vumbi la Misigiri halikuwahi kuifikia kwa miaka mitano, iliyochafuliwa tu na mchirizi mwembamba wa udongo.

Alitazama sakafuni. Hapakuwa na kipande cha kioo. Alichungulia nyuma ya kabati. Dirisha lilikuwa limefungwa, na mlango alikuwa ameufungua mwenyewe dakika chache zilizopita. Funguo za ofisi zilikuwa nne: wake, wa bosi Godfrey, wa Mama Luciana anayefagia, na wa Festo, aliyepewa mwezi uliopita.

Wa Festo.

Festo mwenyewe aliingia wakati huohuo, chapati mbili zikiwa zimefungwa kwenye gazeti.

"Mambo, dada Damari."

"Poa."

"Mbona umesimama kama mtu anayesubiri kipaimara?" Akafuata macho yake mpaka ukutani. "Ee. Kimeenda wapi?"

Damari alilisikiliza swali hilo kwa makini, kama anavyosikiliza feni ya ruta inayoanza kuchoka. Lilikuja haraka mno? Lilichelewa? Festo aliweka simu yake mezani, kisha akaigeuza kifudifudi.

"Nimekitoa kukisafisha," Damari alisema.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza wa siku hiyo. Wa zamani ulikuwa umetimiza miaka miwili.

Alipofaulu mtihani wa mitandao, ule wa kampuni ya ng'ambo unaoufanya kwenye kompyuta huku kamera ikikutazama usoni, hapakuwa na mtu mwingine kijijini mwenye cheti cha namna hiyo. Baba yake, mzee Zefania wa Ulemo, hakujua ruta ni mnyama gani, lakini cheti alikijua. Alikipeleka kwa fundi Melkizedeki pamoja na mbao za mninga alizokuwa amezihifadhi kwa ajili ya kitanda. Fundi alikuwa na kioo kilichotoka kwenye picha ya arusi, na kioo hicho kilipungua vidole viwili. Hakuona sababu ya kukata kingine. Aliweka ubao mpana upande wa chini, akaupaka vanishi mpaka ukang'aa, na ubao ule ukafunika mstari wa mwisho wa maandishi.

"Maneno yenyewe yako juu," alimwambia mzee Zefania. "Huko chini ni madogomadogo."

Madogomadogo hayo yalikuwa namba ya cheti, na tarehe kitakapokwisha nguvu. Miaka mitatu tu.

Mwanzoni Damari aliuchekea ubao ule. Miaka mitatu ilipotimia, akaanza kuushukuru kimoyomoyo. Alisafiri mpaka Dodoma kurudia mtihani, na ofisini akaaga kwamba anakwenda kwenye sendofu ya binamu yake. Aliyoyakuta kwenye ile kompyuta hakuyatambua. Nyaya, antena, mambo aliyoyajua kwa vidole vyake, yalikuwa machache. Mengine yote yalihusu kuandika programu, namna ya kuziamuru ruta mia moja zijipange zenyewe ukiwa umekaa kitini. Alianguka. Alirudi na mfuko wa zabibu, akawagawia wote, na wote wakazisifu.

Dunia nayo ilikuwa inageuka. Zamani wateja waliingia pale ofisini wakakitazama kwanza cheti, ndipo wakasaini mkataba wa intaneti. Mkuu wa shule mmoja aliomba kupigwa picha kando yake. Halafu msimu uliopita wa kupanda alikuja Festo kutoka Issuna, kijana wa kidato cha sita asiye na cheti chochote cha mitandao, aliyejifunza kila kitu kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Godfrey alimjaribu nusu saa, akampa kazi.

"Siku hizi cheti ni karatasi, Damari," Godfrey alisema siku ile, akicheka. "Mtu ni mikono yake."

Damari alicheka pia. Tangu siku ile alianza kumchunga Festo, anavyotazama, anavyonyamaza, anavyoandika mambo kwenye simu. Na ajabu, mwezi huu Godfrey yuleyule alirudi kutoka Singida mjini na habari nyingine. Ulikuwa umetangazwa mradi wa kuunganisha shule nane, na wenye mradi walitaka kampuni iwe na fundi mwenye cheti kilicho hai. Karatasi ilikuwa imefufuka. Karatasi za watu wengine.

Saa tatu Godfrey aliingia na bahasha ya kaki kwapani.

"Damari, ile namba ya cheti chako nitaihitaji. Ijumaa napeleka maombi. Siku hizi wanaiingiza mtandaoni, wanaona palepale kama kiko hai. Tukipata hizi shule, tunaajiri. Tukidanganya kitu, tumefungiwa." Akatazama ukuta. "Na chenyewe?"

"Nakisafisha, bosi."

Godfrey aliutazama ukuta kwa muda uliozidi ule unaotosha kuutazama ukuta. Kisha akamtazama Festo, na Festo akaitazama chapati yake. Wamekwisha kuzungumza, Damari aliwaza. Kipo kwenye meza ya mtu mahali fulani, ubao umebanduliwa, na mstari ule unasomwa.

Alitoka nje kupunga hewa. Mama Luciana alikuwa anafagia kibaraza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Halafu basi. Mama Luciana, ambaye kila siku alimuuliza kwa Kinyiramba habari za mzee Zefania, za goti lake na za mbuzi wake, leo aliinamisha kichwa na kuingia stoo na ufagio wake. Hata huyu, Damari aliwaza.

Mchana zahanati ya Ulemo ilipiga simu kwamba mtandao umekatika. Ulikuwa upepo, kama kawaida ya miezi ile. Ukivuma huku hausukumi vumbi tu, unasukuma na madishi. Walikwenda kwa pikipiki, Festo akiendesha, mpaka chini ya kilima cha mawe ambako mlingoti wao umesimama. Damari alivua viatu, akapanda jiwe kwa nyayo, kisha akapanda mlingoti. Kazi hiyo hakumwachia mtu. Alilegeza nati, akalishika dishi kwa viganja viwili kama anayeshika kichwa cha mtoto ili amnyoe.

"Kushoto kidogo," Festo alisema kutoka chini, macho kwenye simu. "Umepita. Rudi. Hapo. Aisee dada, una mikono."

Alibana nati na kushuka.

"Upepo ulilisogeza saa kumi na dakika nane alfajiri," Festo alisema.

"Umejuaje?"

"Nimeandika kaprogramu kadogo. Kanaliuliza kila dishi hali yake kila dakika. Tazama."

Alimpa simu. Pale kwenye kioo kilichopasuka palikuwa na madishi yao yote, kila moja na mstari wake, na mstari wa Ulemo ulikuwa umeporomoka saa kumi na dakika nane. Kilikuwa kitu kizuri. Kilikuwa ndicho kile kilichomwangusha Dodoma. Damari alisogeza kidole chenye vumbi ili aone zaidi, kidole kikateleza, na badala ya madishi ikatokea picha. Fremu ya mninga. Ubao mpana. Jina lake.

"Hii ni ya lini?"

"Dada, naomba simu."

"Nimekuuliza."

Festo alikuna shingo. "Wiki ya kwanza nilipofika. Nilimtumia mama, Issuna. Nikamwambia nafanya kazi na mtu huyu."

Jibu lilikuwa zuri kupita kiasi, na kwa sababu hiyo hakuliamini.

"Funguo ziko nne, Festo."

"Funguo za nini?"

"Cheti changu hakijatembea chenyewe."

Festo alielewa polepole. Uso wake haukukasirika. Ulijifunga tu, kama duka linalofungwa mchana. "Sijakichukua," alisema. "Nikichukue nikifanyie nini? Hakina jina langu."

Walirudi Misigiri kwa pikipiki. Nyuma ya mgongo wa Festo, Damari alifanya kile alichokifanya tangu chuoni kila alipoogopa: alizitaja kimoyomoyo rangi za nyaya kwa mpangilio wake. Nyeupe na chungwa, chungwa, nyeupe na kijani, bluu. Alizifikisha zote nane na kuanza tena. Hazikumsaidia.

Kesho yake, Alhamisi, aliwahi kuliko siku zote, akakuta mlango uko wazi.

Walikuwa ndani wote watatu. Mama Luciana alikuwa amesimama katikati, anafungua kanga iliyofunga kitu bapa.

"Umeniwahi," alisema, uso umejaa furaha na aibu. "Nilitaka ukikute kimeshatundikwa. Ni mchwa, mwanangu. Juzi jioni nafagia, nikaona kanjia ka udongo kanapanda kwenda nyuma ya fremu. Nikasema, hiki kitaliwa kabla bosi hajapeleka maombi yake. Nikakibeba mpaka Ulemo kwa Melkizedeki. Jana uliponisalimia nilikukimbia, ningeongea kidogo tu ningesema."

Damari aliutazama ukuta. Mchirizi ule wa udongo ulikuwepo, kavu, unapanda katikati ya pembenne nyeupe mpaka karibu na msumari. Ulikuwepo jana pia. Ila yeye alikuwa anatazama watu.

"Fundi anakusalimia," Mama Luciana aliendelea. "Anasema ule ubao ulimkera miaka yote, kila akipita kwa baba yako anaukumbuka. Safari hii amekata kioo kipya. Maneno yote yanaonekana, mpaka ya chini kabisa."

Kanga ikaanguka. Fremu ilikuwa nyembamba, imepigwa msasa upya, nzuri kuliko zamani. Godfrey alikuwa anatafuta miwani yake kwenye mfuko wa shati.

"Vizuri," alisema. "Ile namba hiyo hapo, basi."

"Ngoja nikusomee, bosi," Festo alisema, akakichukua cheti kabla miwani haijafika puani. "Herufi zenyewe ni ndogo."

Akakishika kwa mikono miwili, na Damari akaona mahali kidole gumba chake kilipotua. Hakikutafuta. Kilitua chini, upande wa kulia, juu ya tarehe, kikakaa. Na hapo akaelewa: tarehe ya kufaulu ilikuwa juu, siku zote, mbele ya macho ya kila mtu, na Festo alijua vyeti hivi vinaishi miaka mingapi. Alijua tangu wiki ile ya kwanza. Alijua, na akamtumia mama yake picha.

"Toa kidole, Festo," Damari alisema.

Hakukitoa.

"Toa tu."

Akakitoa. Godfrey aliinama na kusoma, midomo ikicheza kidogo. Nje upepo ulikuwa unaburuta makapi ya alizeti kwenye bati la jirani.

"Kiliisha miaka miwili iliyopita," Damari alisema. Sauti yake, ambayo siku za kawaida ni ndogo mpaka watu humwomba arudie, ilisikika vizuri. "Sikwenda kwenye sendofu. Nilikwenda kurudia mtihani, nikaanguka."

Mama Luciana alishika mdomo. "Na zile zabibu," alisema.

"Zabibu zilikuwa za kweli, mama."

Godfrey alivua miwani, akaishika bila kuirudisha mfukoni. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana mtu anayehesabu shule nane moja moja na kuziaga. "Kesho ndiyo Ijumaa," alisema. "Niandike nini, Damari?"

"Andika jina langu. Penye namba acha wazi."

Godfrey aliirudisha miwani mfukoni. Kisha akachukua bahasha yake ya kaki na kutoka kwenda kusimama kibarazani, mgongo kwao, na hawakujua ataandika nini. Mama Luciana alimfuata na ufagio asioutumia.

Damari alikipokea cheti kutoka mkononi mwa Festo, akakilaza mezani. Mkono wake, kwa mazoea, ulichukua kitambaa na kuanza kufuta kioo kipya kutoka juu, polepole, ukilipita jina, ukishuka. Pale kwenye tarehe palikuwa na alama ya kidole gumba, yenye ukungu wa jasho. Mkono ukasimama hapo.

"Jana nilikuita mwizi," alisema bila kuinua macho.

"Hukuniita."

"Nilikuita. Nimekuchunga tangu siku uliyofika, nikifikiri umekuja kunitoa." Alikunja kitambaa, akakiweka kando, na alama ile akaiacha ilivyo. "Na tangu jana nataka kusema kitu kimoja tu. Hako kaprogramu kako, Festo. Naomba unifundishe."