Duara la Bwana Jamii

Mkoa ulipochoka kulea watoto waliokosa wazazi, ulitafuta wa kumtwisha mzigo. Ofisi ya ustawi ikaikabidhi kazi yote kwa mashirika, kwa mkataba, kila eneo na shirika lake, kwa maelezo kwamba mtoto hulelewa na jamii, si na serikali. Maneno matamu hayo. Mama mlezi aliyasikia akiwa kwenye cherehani yake, akauliza ni nani katika hiyo jamii aliyewahi kumbeba Kipipa, mtoto anayemlea, mgongoni kumpeleka hospitali mvua ikinyesha.

Eneo lao liliangukia mikononi mwa shirika la kijana mmoja wa suruali za kubana na viatu visivyojua soksi. Hakuweza kusema maneno matatu bila la nne kuwa "jamii", basi watu wakambatiza Bwana Jamii, naye akadhani ni sifa. Mama mlezi alimdharau tangu siku alipokuja kukagua nyumba, akampongeza kwa "kumhifadhi mtoto", kana kwamba Kipipa ni gunia la mkaa. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Na huyu hajalea hata paka. Kipipa alikuja kwa mama mlezi hajui kufunga vifungo vya gauni, ana tumbo la mviringo lililompa jina. Sasa yuko darasa la pili na anamwita mama bila kufikiri.

Kasheshe ilikuwa kwenye mkataba wenyewe. Shirika lilipimwa kwa jambo moja tu: limewarudisha watoto wangapi kwa ndugu zao wa damu. Kwa hiyo Bwana Jamii alisaka ndugu kama mtu anayesaka kuku aliyepotea, akiinama kila uvungu. Kwa upande wa Kipipa alimpata shangazi, dada wa marehemu baba yake, ambaye mtoto hajawahi kumtia machoni. Kikao kikaitishwa. Shangazi akikubali, Kipipa anahama mwisho wa mwezi. Mama mlezi hakulala vizuri tangu alipoambiwa.

Ofisi ya shirika ilikuwa zamani duka la vifaa vya ujenzi na bado ilinuka rangi. Meza zote zilikuwa zimetolewa nje, kwa sababu meza, alieleza Bwana Jamii, "inajenga umbali". Viti vya plastiki vilipangwa duara. Kila mtu angezungumza kwa zamu yake, ukweli mtupu, bila kukatizwa, na mtoto lazima awemo.

"Mtoto akae nje na karani," mama mlezi alisema. "Haya ni mambo ya wakubwa."

"Mama, mtoto naye ni mwanajamii. Lazima sauti yake isikike."

"Na masikio yake je, mwanangu?"

Bwana Jamii alitabasamu, lile tabasamu wanalopewa watu wazima wasiojua mambo ya kisasa.

Mama mlezi akatoka kwenda kunywa maji, na bombani akamkuta shangazi, bado amevaa sare yake ya usafi wa hospitali. Alikuwa amemwandalia mwanamke huyo dharau ya kutosha: ndugu gani huyu asiyejua hata mtoto wa kaka yake anasoma wapi? Lakini shangazi ndiye aliyeanza.

"Dada, wewe ndiye unayemlea?"

"Ndiye mimi."

"Basi usihangaike. Mimi simchukui. Nina chumba kimoja, na mume wangu akilewa, wanangu mwenyewe wanakimbilia kwa jirani. Mtoto wa kaka yangu nimpeleke pale? Nilimwambia huyu kijana kwenye simu, akasema nije niseme kwenye duara."

Moyo wa mama mlezi ulitua. Angeweza kuingia pale pale, amshike Kipipa mkono, waende zao nyumbani, maneno yaishie bombani. Wazo hilo lilimjia. Ila lilifuatwa na jingine, tamu zaidi: maafisa wawili wa mkoa walikuwa wamealikwa kutazama duara linavyofanya kazi, na Bwana Jamii angeumbuka mbele yao mchana kweupe. Hilo hakutaka kulikosa.

"Haya, dada," alisema. "Kaseme huko huko ndani."

Shangazi alisema kwa upole. Alimshukuru anayemlea mtoto, akasema hali ya nyumbani hairuhusu.

"Asante kwa kutushirikisha," Bwana Jamii alisema. "Lakini chumba si kikwazo. Jamii itakushika mkono."

"Si chumba tu. Kuna mambo ya ndani siwezi kuyataja mbele za watu."

"Hapa ni mahali salama, shangazi. Achana na vikwazo. Moyo wako unasema nini kuhusu huyu mtoto?"

Shangazi alifunga mlango wa maneno, Bwana Jamii akafungua dirisha. Alifunga dirisha, yeye akapitia darini. Maafisa wa mkoa walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mama mlezi aliuma mdomo asicheke. Debe tupu halina haya, na hili lilikuwa limepewa eneo zima la kuvuma.

"Simtaki," shangazi alisema hatimaye, sauti imepanda. "Umesikia sasa? Simtaki. Usinipigie tena."

Uso wa Bwana Jamii ulishuka. Mdomo ulibaki wazi, jamii yote imemtoka. Afisa mmoja alijifanya anatafuta kalamu. Mama mlezi aliutazama uso ule kwa raha, akautazama tena, akajipa muda wa kushiba.

"Shangazi."

Ilikuwa sauti ya Kipipa, pembeni yake. Mtoto alikuwa amesogea hadi ukingoni mwa kiti, miguu inaning'inia.

"Siku hizi sikojoi kitandani," alisema. "Muulize mama."

Shangazi alijifunika uso kwa viganja. Bwana Jamii alikohoa, akakumbusha kwamba kwenye duara kila mtu husubiri zamu, na sasa zamu ni ya mama mlezi.

Mama mlezi alikuja na hotuba. Aliinoa tangu jana yake, na ndani yake hapakuwa na neno la mtoto. Yote yalikuwa ya Bwana Jamii. Kipipa alikuwa amemgeukia, anamngoja.

"Ni kweli," alisema. "Hakojoi."