Soma, Profesa

Mia mbili na kumi, dada! Nakuapia! Ndani ya Bibi Harusi! Ndiyo, lile gari jekundu la milango miwili ambalo Baba amekuwa akilifufua miaka mitatu hapa gerejini uani, na hataki fundi mwingine hata alipulize vumbi. Mwenye gari analichukua leo saa sita, na Baba hakabidhi gari kabla hajalijaribu barabarani, unamjua. Basi alfajiri akanigongea mlango: "Profesa, amka. Leo utanisomea."

Tangu nimalize chuo sina kazi wala jina jingine.

Barabara kuu ilikuwa tupu, imenyooka kama iliyopigwa rula. Tumekaa chini mno, unahisi lami inakupita chini ya makalio. Baba akakanyaga mafuta. "Soma, Profesa." Nikausoma mshale wa spidi: mia na ishirini. Mia na sitini. Nyasi za kando zikayeyuka zikawa rangi tupu, nami napiga vigelegele kama mwehu. Nilidhani ananisomesha ili asiondoe macho barabarani.

"Mia mbili na kumi!"

"Lile lori linakuja au linakwenda?" akaniuliza, kwa upole kabisa.

Dada, hapakuwa na lori. Palikuwa na ubao wa kijani wa kuonyesha njia.

"Ni ubao, Baba."

"Aa. Ubao." Akaachia mafuta taratibu, akalisikiliza gari mpaka matairi yakagusa changarawe. Akazima.

"Tangu lini?"

"Injini hii nimeifunga kwa vidole," akasema, kama anayejisifu. Kisha: "Daktari amesema kabla ya mwaka kwisha macho yatakuwa giza. Hakuna miwani, hakuna upasuaji. Nilitaka barabara inijie mbio mara moja, ningali naiona."

"Ndiyo ukanipakia mimi?"

"Ningempakia nani? Mwenye macho ni wewe." Akacheka peke yake. "Mama yako asijue. Akijua ataanza kunishika mkono na mlango bado nauona."

Najua nimekuanzia kwa kelele. Ile furaha haijanitoka, na hilo ndilo linalonitisha. Nikifumba macho naiona lami ikitujia, nzuri mno, halafu nakumbuka kwamba pembeni yangu palikuwa na mtu anayekimbilia ukungu.

Akashuka, akalizunguka gari huku anapapasa boneti. "Sogea huko. Utaendesha wewe." Mimi, dada, ambaye nimewahi kuendesha baiskeli tu! Kilomita arobaini!

Ngoja. Mwenye gari ameshafika. Baba yuko mezani anatafuta funguo, anapapasa, anapapasa, na funguo ziko hapo hapo mbele yake. Mama amesimama mlangoni, anamtazama.

Ngoja nikampe. Jinsi tulivyorudi nitakwambia kesho.